Mgeni Kwenye Ua wa Saiprasi

Jumamosi, mwisho wa Julai. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Ukungu umelala juu ya Nunguni tangu jana na haujaamua kuondoka. Nikisimama mlangoni naona kuku, naona tangi la maji, naona hatua chache za njia, basi. Mti siuoni. Nausikia tu. Unavuma polepole hata upepo ukiwa haupo, kama mtu anayepumua akiwa chumba cha pili.

Watakuja saa tatu kuukata.

Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uko motoni tangu saa kumi na moja. Vikombe nimevipanga, nikavipangua, nikavipanga tena. Naandika hapa mezani jikoni kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure. Blogu hii Mwende, binti yangu, alinifungulia mwaka jana baada ya kumzika baba yake. Alisema, "Mum, kama huwezi kuniambia, andika." Wanaonisoma ni yeye na watu wachache nisiowajua. Karibuni. Leo sijui kama nitamaliza.

Nianze na kosa, maana ni langu.

Jumanne tulikutana kwa jirani yangu Mama Syombua, wanawake wote wa mwethya wa njia yetu. Kwa asiyejua, mwethya ni sisi majirani tukifanya kazi shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu, na malipo ni chai na chakula. Hawa ndio walionitekea maji siku nane Baba Mwende alipofariki. Walipika, waliosha sufuria, walilala kwangu sakafuni kwa zamu ili nisiamke peke yangu. Mtu akikataa kazi ya mwethya, hakuna anayemfukuza. Inatokea tu kwamba siku yake ikifika, njia inakuwa kimya.

Tulikuwa tunazungumza juu ya saiprasi, miti ya nyua zetu. Tangu mvua ya Machi ikatae, nyua za upande wetu wa kilima zinakauka. Zinaanzia ndani, rangi ya chai isiyo na maziwa, halafu ile rangi inatoka nje mpaka ua mzima unasimama kama ufagio uliochoka. Ukitikisa tawi unabaki na weusi unaonata vidoleni. Ni vijidudu vidogo vinavyonyonya utomvu, na vinahama kutoka ua mmoja hadi mwingine. Tukakubaliana saiprasi zote za njia yetu zikatwe, nzima na kavu, matawi yachomwe, tuanze upya na mmea mwingine. Mama Syombua ndiye kiongozi wetu. Alisema hakuna kuchagua, kwa sababu akiachwa mmoja tutakuwa tumejichosha bure.

Halafu akanigeukia.

"Na wewe Mama Mwende, ule mrefu wako unaopita nguzo za stima. Ule nao ni nini?"

Wanawake wote wakaniangalia.

"Ni saiprasi," nikasema.

"Basi nao uende."

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikujua ni nini. Nimeishi chini ya mti huo miaka kumi na tisa. Nimefunga kamba ya nguo kwenye shina lake, nimefagia taka zake, na sikuwahi kuuliza jina lake. Umesimama kwenye mstari wa saiprasi, mdomo wangu ukasema saiprasi. Mimi nilizaliwa Kathonzweni, chini kwenye joto, ambako miti ina miiba na kiangazi inabaki mitupu. Nilipoolewa huku juu, kila mti wa kijani uliochongoka niliuita krismasi. Watu walicheka. Walicheka vizuri, bila ubaya, lakini nikaacha kuuliza. Aibu ya bibi arusi imenikaa mwilini mpaka leo nina mvi.

Baba Mwende alikuwa fundi wa pancha kule Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, shati likinuka mpira. Mwaka tuliooana alinunua miche ya ua sokoni, fungu moja, tukaipanda pamoja Jumamosi moja, yeye akichimba, mimi nikishindilia udongo kwa kisigino. Wa nne kutoka langoni ulikuwa tofauti. Yeye aliona, mimi sikuona.

"Huyu amepanda gari lisilo lake," alisema, akacheka peke yake. Kuanzia hapo aliuita mgeni. Mgeni anaendeleaje? Mgeni amepata maji?

Mwaka wa tatu ua ulifika kifuani mwangu. Nilichukua panga nikausawazisha juu, kama nilivyoona majirani wakifanya. Saiprasi ukiikata kichwa inajaa pembeni, inakuwa ukuta. Nilikata wote, na mgeni pamoja nao. Nilijisikia mke wa kweli wa huku juu, nina panga na nina ua ulionyooka.

Mwisho wa mwezi alipofika alisimama mbele ya mgeni muda mrefu, mfuko wa sukari bado mkononi. Nilijua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini. Hakunigombeza. Alichagua kijitawi kimoja cha pembeni, akakiinua taratibu mpaka kikasimama wima, akakiegemeza kwenye kijiti na kukifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mfukoni mwake hamkukosekana tyubu.

"Sasa huyu ndiye kichwa," akasema.

Na kweli kikawa kichwa. Tuliendelea kukata wengine, mgeni tukamwacha, akapita ua, akapita paa, akapita nguzo.

Tangu nimzike nimekuwa nikiutafuta ule mpira wa tyubu. Nimesimama chini ya mti nikiinua shingo mpaka inauma. Mwende alipokuja Pasaka alivuta kwa kamera ya simu mpaka picha ikawa punje punje. Kule juu ni matawi na mawingu. Nilimwambia pengine ulianguka zamani. Akasema pengine. Nikaingia ndani kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano tulianzia kwa Mama Syombua mwenyewe. Ua wake ulipandwa na mama mkwe wake, mnene kiasi kwamba ukitandaza blanketi juu halizami. Musyoki, kijana wa msumeno wa injini, aliumaliza kabla ya chai ya saa nne. Mama Syombua ana mdomo, kila mtu anajua, lakini siku hiyo alivuta matawi bila kutuangalia usoni na bila kusema neno.

Mimi nilikuwa nabeba matawi kwenda motoni. Ndipo nikaliangalia nililoshika. Lilikuwa limesukwa. Majani ya saiprasi hayana umbo la jani, ni magamba madogo yaliyolaliana mpaka kijiti kinafanana na nywele zilizosukwa nyembamba. Nimeyakata miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuyaangalia.

Jioni nilipofika nyumbani niliokota kilichoanguka chini ya mgeni. Sindano. Ndefu kama kiganja changu na zaidi, laini, zinalegea kama nywele za mtoto zilizolowa. Hazijasukwa popote.

Mti niliousemea mbele ya wanawake wote haukuwa saiprasi.

Alhamisi nilimtumia Mwende picha. Ana programu kwenye simu ya kutambua mimea. Kwa picha ya kwanza ikamwambia ni msonobari. Nikamtumia nyingine, ikamwambia ni mvinje, mti wa pwani. Ya tatu ilisema ni nyasi.

"Mum, kwani umepiga picha ya nini?"

"Ya mti."

"Hii ya mwisho ni ya kidole chako."

Tulicheka, lakini nilipokata simu nilikuwa palepale. Siwezi kwenda mbele ya mwethya nikasema simu imesema, tena simu iliyosema maneno matatu.

Jana nilienda sokoni kwa Kalondu, msichana anayeuza miche kwenye pakiti za maziwa. Nilibeba kijitawi ndani ya gazeti, na nikamsubiri amalize na wateja wote ili asiwepo wa kunisikia.

"Mwaitu, mama, krismasi bado iko mbali," akasema alipokifungua.

"Niambie tu ni nini."

"Kwani umetoa wapi?"

"Kwangu. Uko hapo miaka kumi na tisa."

"Asi! Miaka kumi na tisa na hamjaambiana majina?"

Alisema kwa mzaha. Mimi nilihisi kama amenifinya. Lakini alikuwa na mikono ya upole. Alichomoa fungu moja la sindano akanionyesha zinavyoshikana chini, zimefungwa pamoja na kiganda chembamba kama uzi wa kahawia. Akanihesabia kwenye kiganja changu. Moja, mbili, tatu. Akachukua fungu lingine. Tatu. "Saiprasi imesukwa, hii imefungwa tatu tatu," akasema. "Hii ni paini. Msonobari. Wale wadudu wa saiprasi hawaishi kwenye mti huu."

Msonobari. Neno hilo nililisoma darasa la sita, kwenye hadithi ya nchi yenye theluji. Niliandika maana yake pembeni kwa penseli: mti wa mbali.

Nikamuuliza lile jambo lililokuwa linanitisha zaidi. Mti unamwaga sindano za manjano, nyingi, hasa mwezi huu. Nilikuwa na hakika unakufa. Kaburi la Baba Mwende liko chini yake kidogo, upande wa mteremko, na kila Jumapili kabla ya kanisa nalifagia. Jumapili inayofuata limefunikwa tena. Nikiri kitu hapa ambacho sijamwambia mtu. Nilipokuwa nafagia nilikuwa nauambia mti, haya, nenda naye. Nilikuwa nimeuchoka. Nilichoka kitu chake chochote kubaki kirefu na kizima wakati yeye yuko chini. Nadhani hilo nalo lilikuwa mdomoni mwangu Jumanne niliposema saiprasi.

Kalondu aliangalia sindano za manjano akasema ni za zamani, za mwaka juzi. Unaziachilia kidogo kidogo na zile mpya zinabaki, ndiyo maana mtu haoni siku mti uko mtupu. "Unakaa kijani kwa sababu haumwagi zote siku moja," akasema, akamgeukia mtu wa miche ya parachichi.

Nilitoka pale nikitembea haraka, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Syombua kumwambia. Nilifika langoni. Mahali palipokuwa na ua wa mama mkwe wake pamebaki mstari wa visiki, kila kimoja kinang'aa kwa utomvu, na yeye alikuwa ameketi kwenye kimojawapo, mgongo kwangu, mikono mapajani.

Ningemwambia nini? Kwamba wako ulikuwa lazima uende na wangu ubaki?

Nikarudi nyumbani. Hilo ndilo kosa la pili.

Kuku wametawanyika. Nasikia sauti za watu njiani na mlio wa mapanga yakigongana. Haijafika hata saa mbili. Wamekuja mapema.

*

Saa tisa alasiri.

Nimerudi. Vidole vyangu vina utomvu, herufi zinagandana. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio, jinsi ilivyokuwa.

Walikuja kumi, pamoja na Musyoki na msumeno wake begani. Niliwapa chai. Mama Syombua alikunywa akiwa amesimama, akasema tuanze kabla ukungu haujageuka manyunyu. Nilifungua mdomo. Msumeno ukawaka.

Ua wangu ulikuwa mgonjwa kweli. Uliangushwa kipande kwa kipande, na ndani ulikuwa mweusi na mkavu hata mahali ambapo kwa nje bado ulikuwa kijani. Tulivuta, tulibeba, tulirundika. Nilibeba kuliko wote. Nilijiambia nikifikisha mzigo huu nitasema. Nikifikisha mwingine nitasema. Musyoki alitoka upande wa jikoni akisogea langoni, na kila saiprasi iliyoanguka ilimleta karibu na mgeni, mpaka akaufikia, akauruka akaenda kumaliza ile mitatu iliyobaki karibu na lango, akarudi. Akazima msumeno.

Akauzunguka mti akiangalia juu. Ukungu ulikuwa umeula kuanzia katikati.

"Mama," akaniambia, "huu lazima niuangushe upande wa chini. Huku kuna nyaya, huku kuna nyumba yako. Hauna njia nyingine."

Upande wa chini ni kwa Baba Mwende.

"Kaburi tutalifunika na magunia," mmoja wa kina mama akasema kwa sauti ndogo. "Tutaweka na matawi juu, halitavunjika."

Walikuwa tayari wameshalifikiria hilo. Walikuwa wameniwazia mema yote. Musyoki akashika kamba ya kuwashia.

"Ngojeni," nikasema.

Hakunisikia, au alidhani nasema na kuku. Akavuta, injini ikakohoa, haikushika. Nikaenda nikasimama kati yake na mti, mgongo wangu ukagusa ganda.

"Ngojeni. Huu si saiprasi."

Mama Syombua aliweka panga chini. Alikuja mpaka mbele yangu. Ni mfupi kuliko mimi lakini sijawahi kulikumbuka hilo akiwa karibu.

"Mama Mwende. Jumanne nilikuuliza wewe mwenyewe. Ukasema nini?"

"Nilisema ni saiprasi."

"Na leo ni nini?"

"Ni msonobari."

"Umebadilika lini?" Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. "Jumatano umebeba ua wangu ukaupeleka motoni kwa mikono yako. Sikukusikia ukisema ngojeni. Kila mtu hapa ana sababu ya mti wake. Mimi ule ua niliolewa nikaukuta."

"Najua."

"Basi kwa nini wako una jina jipya?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana. Yote yalipotea. Nikasema tu ukweli, kwamba siku ile sikujua, na niliona aibu kusema mbele yao kwamba nimeishi na mti miaka yote hiyo bila kuujua. Nilisema na ya langoni kwake pia, kwamba jana nilikuja nikamwona amekaa kwenye kisiki nikarudi kama mwizi.

Aliposikia hilo uso wake ulibadilika kidogo, sijui kama ni hasira au nini. Akainama akaokota tawi la saiprasi kutoka kwenye rundo. Akanyoosha mkono mwingine.

"Lete yako."

Niliokota kijitawi kibichi kilichoanguka, nikampa. Nikamwambia alivyonifundisha Kalondu. Saiprasi imesukwa. Msonobari una sindano, zimefungwa tatu tatu. Nikasema kila mmoja achukue fungu ahesabu. Wanawake wakainama wote, mapanga kwapani, wakaanza kuchambua sindano pale kwenye ukungu kama watu wanaochagua mchele.

"Tatu," akasema mmoja.

"Hii pia tatu."

"Tatu. Aki ni kweli, zimeshikana hapa chini."

Nilianza kupumua.

"Mimi nina nne," akasema Mama Syombua.

Akaliinua fungu lake juu, akazitenganisha kwa kucha. Moja, mbili, tatu, nne. Nilihesabu mwenyewe kwa macho. Zilikuwa nne.

"Huyo wa miche alisema tatu," akasema.

"Alisema tatu."

"Na hii?"

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kutunga. Jumanne nilisema jambo nisilolijua na ndilo lililotufikisha hapo.

"Hiyo sijui," nikasema.

Musyoki alihamisha msumeno kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mimi niliangalia chini, viatu vyangu vya plastiki vilivyojaa maranda, na nikawaza, basi, ndiyo hivyo.

Lazima niwaambie kwamba Mama Syombua ni msusi. Ana kiti chake kwenye baraza la duka la nafaka sokoni, na hakuna kichwa kwenye njia yetu ambacho hajakishika. Changu alikisuka wiki ya mazishi, bila kuniuliza, kwa sababu alisema mjane hawezi kuzika mbele ya watu akiwa kama kichaka. Sasa alikuwa amesimama na saiprasi mkono mmoja na msonobari mwingine. Aliipitisha saiprasi kati ya kidole gumba na cha shahada, kuanzia shina mpaka ncha, polepole, kama anavyopitisha msuko kutafuta uliolegea. Halafu akapitisha msonobari. Sindano zikasambaa mkononi mwake kila upande.

Akarudia tena.

"Tatu au nne, hiyo ni yao na Kalondu," akasema. "Mimi nimesuka watu tangu niko msichana. Hii," akainua saiprasi, "imesukwa, tena kwa mkono mzuri. Hii nyingine hakuna mtu amewahi kuisuka. Hizi si za mama mmoja."

"Kwa hivyo?" akauliza Musyoki.

"Kwa hivyo peleka kelele yako kwa Mama Kioko, ndio wanafuata."

Wakacheka wote, safari hii na yeye. Nikauegemea mti. Lakini alikuwa hajamaliza nami. Alinikaribia, akasema kwa sauti ya sisi wawili tu.

"Ukikauka, mwethya haurudi hapa kuukata. Utamwita Musyoki mwenyewe na utabeba matawi mwenyewe."

"Sawa."

"Na siku nyingine ukifika kwangu, ingia. Kisiki si kitanda, ungeniamsha."

"Sawa, Mama Syombua."

Akaangalia juu, mahali ukungu ulipokuwa unaanza kufunguka na matawi ya katikati yanaonekana, yenye yale matunda magumu kama mbao yaliyoshikana mafungu mafungu.

"Hayo ndiyo mbegu?"

"Nadhani. Nitamuuliza Kalondu."

"Uliza. Nina mstari mzima mtupu." Halafu akaondoka kwenda kuwasimamia waliokuwa wanachoma moto.

Walikula muthokoi wote, wakausifu, wakalalamika chumvi. Saa saba wakaenda. Sijui kama nimesamehewa. Mmoja wao hakuniaga, na nilimwona. Ua wake mwenyewe unakatwa Jumatatu, nami nitakuwa wa kwanza kufika.

Nilibaki peke yangu na boma lililo wazi. Miaka kumi na tisa sijaona barabara nikiwa mlangoni. Sasa naiona yote, na yeyote anayepita ananiona nikianika nguo. Mgeni anasimama peke yake bila wa kumshika kiuno. Shina lake la chini, ambalo siku zote lilikuwa limezama ndani ya ua, lilikuwa limetapakaa vumbi jeusi la saiprasi zilizokufa. Nikachota maji, nikachukua kitambaa, nikaanza kulipangusa. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kufanya kitu kwa mkono.

Usawa wa kifua changu shina lina kona. Linakwenda wima, linapinda kidogo kama kiwiko, halafu linakwenda wima tena mpaka juu. Nilipangusa pale kwenye kiwiko na kitambaa kikakwama.

Ni masikio mawili meusi yanatoka kwenye ganda, kila moja refu kama ukucha. Fundo lenyewe limemezwa. Niliyavuta kidogo, yakavutika, yakarudi. Ni mpira.

Nilikuwa naangalia juu. Muda wote huo nilikuwa nainua shingo, nikidhani umepanda pamoja na mti. Mti unakua kwa ncha. Alipofunga ndipo palipobaki, usawa wa kifua changu, mahali hasa nilipokata, na mimi nilikuwa napita hapo na ndoo kila siku.

Nilisimama pale mpaka kitambaa kikakauka mkononi. Nililia, ndiyo, lakini si kama vile vilio vingine. Nimemtumia Mwende picha. Safari hii kidole hakimo. Amejibu kwa kunipigia, akauliza kama mpira umekaza, kama unauumiza mti. Nikamwambia hapana. Mti umeshaumeza, unaendelea na safari.

Sasa ukungu umeondoka kabisa. Upepo wa alasiri umeanza na sindano za manjano zinashuka, mbili hapa, fungu moja pale, nyingi zinakwenda upande wa mteremko.

Kesho ni Jumapili. Nitashuka kwa Baba Mwende kabla ya kanisa, kama kawaida. Ufagio nitauacha nyumbani.